Radi ya Stotternheim na Tauni ya Wittenberg: Hofu, Nadhiri na Neema katika Maisha ya Martin Luther

Utangulizi

Karibu na kijiji cha Stotternheim, kaskazini mwa mji wa Erfurt nchini Ujerumani, limesimama jiwe la ukumbusho lililowekwa mwaka 1917, Wakristo walipoadhimisha miaka 400 ya Matengenezo ya Kanisa. Maandishi yaliyochongwa juu yake yanamweleza mpita njia kwamba ardhi anayoikanyaga imewekwa wakfu, na kwamba mahali hapo kijana Luther alionyeshwa njia yake kwa radi iliyotoka mbinguni. Waliolisimamisha jiwe hilo walitaka kumheshimu Mtengenezaji. Lakini Luther mwenyewe, alipoikumbuka siku ile, hakuieleza kwa wepesi namna hiyo. Aliisimulia kama siku ya vitisho. Akaikana nadhiri aliyoiweka siku hiyo. Na hata hivyo akamshukuru Mungu kwamba hakumwacha ndani ya nadhiri ile mbaya.

Makala hii inakusudia kuichunguza upya habari ya radi ya mwaka 1505, na kuiweka sambamba na tukio jingine la kutisha lililompata Luther miaka 22 baadaye, yaani tauni iliyouvamia mji wa Wittenberg mwaka 1527. Hoja yetu ni kwamba tukio la kutisha, hata likiwa kubwa namna gani, halijifasiri lenyewe. Hofu humfanya mtu apige kelele, lakini haimwambii ni nani anayeisikia kelele hiyo. Ni Neno la Mungu pekee, yaani ahadi yake katika Kristo, linaloweza kuligeuza tukio la kutisha kuwa fundisho la imani.

Jambo hili si la wanahistoria peke yao. Lugha yetu ya Kiswahili inatumia neno moja, kuokoka, kwa mtu aliyetoka hai katika ajali na kwa mtu aliyempokea Kristo. Aidha, desturi ya kutoa ushuhuda, ambayo iliimarishwa sana na Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanza huko Rwanda katika miaka ya 1930, imewazoeza washarika wetu kuyaunganisha mambo hayo mawili. Mtu husimama mbele ya ushirika na kusema kwamba aliokoka katika ajali ili aokoke. Mchungaji afanye nini na ushuhuda wa namna hiyo? Je, aupokee tu, aupime, au aukatae? Tunaamini kwamba maisha ya Luther yanatupa mwongozo ulio salama.

1. Habari yenyewe na vyanzo vyake

Mwezi Januari 1505 Martin Luther alipata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Erfurt, akishika nafasi ya pili kati ya watahiniwa 17. Baba yake, Hans Luther, ambaye alijitajirisha kiasi kwa kazi ya machimbo na tanuri za shaba huko Mansfeld, alitaka mwanawe asome sheria. Mwezi Mei mwaka huo Martin alianza masomo hayo. Mwishoni mwa Juni alikwenda nyumbani Mansfeld, na tarehe 2 Julai, akiwa njiani kurudi Erfurt, alikutwa na tufani karibu na Stotternheim. Radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu ya kifo alimlilia Mtakatifu Anna amsaidie, akaahidi kwamba atakuwa mtawa. Tarehe 17 Julai, siku 15 tu baadaye, aliingia katika nyumba ya watawa wa shirika la Waagustino huko Erfurt. Alikuwa bado hajatimiza miaka 22.

Msomaji makini atauliza: habari hii tumeipata wapi? Chanzo cha kwanza ni barua ya Crotus Rubeanus, rafiki wa Luther tangu enzi za Erfurt, iliyoandikwa mwaka 1519. Crotus analitaja pigo la radi lililomwangusha Luther chini, naye anamlinganisha na Paulo katika njia ya Dameski. Chanzo cha pili ni barua ya Luther mwenyewe kwa baba yake, aliyoiandika tarehe 21 Novemba 1521 akiwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, na ambayo ilitangulia kitabu chake kuhusu nadhiri za watawa. Chanzo cha tatu ni mazungumzo ya mezani ya Julai 1539, ambapo Luther aliwasimulia wageni wake tukio hilo, nao wakayaandika maneno yake. Humo ndimo tunamokuta jina la Stotternheim na kilio kwa Mtakatifu Anna. Hatimaye Melanchthon, katika historia fupi ya maisha ya Luther aliyoitoa mwaka 1546, haitaji radi ya Stotternheim. Anasema kwamba Luther alikuwa akishikwa na hofu kuu kila alipoitafakari ghadhabu ya Mungu, na kwamba hofu hiyo ilizidi mwaka ule alipompoteza rafiki yake aliyekufa ghafla.

Vyanzo hivi havipingani, bali kila kimoja kinafasiri. Crotus, ambaye ni rafiki anayevutiwa, anaona wito kama wa Paulo. Melanchthon anaona roho iliyokwisha kujeruhiwa kabla ya mawingu kukusanyika. Luther naye, kama tutakavyoona, anaona jambo gumu zaidi kuliko wote wawili. Hivyo hata katika kizazi chake cha kwanza radi hiyo haikuwa na maana moja iliyo wazi, bali ilihitaji kufasiriwa.

2. Nadhiri iliyozaliwa na hofu

Ili tuelewe kilio cha Stotternheim, hatuna budi kukumbuka jinsi watu wa wakati ule walivyokiona kifo cha ghafla. Jambo lililowatisha zaidi ni kufa bila maandalizi: bila kuungama, bila kupokea sakramenti za mwisho, na kusimama mara moja mbele ya Kristo aliye Hakimu. Katika hatari ya namna hiyo mtu alimkimbilia mtakatifu wa kumwombea. Mtakatifu Anna, ambaye katika mapokeo ni mama yake Bikira Maria, aliheshimiwa sana katika maeneo ya machimbo. Kijana wa Mansfeld alipomwita, alitamka jina lililojulikana nyumbani kwao.

Utawa nao ulionekana kuwa njia iliyo salama kuliko zote. Wako waliofundisha kwamba nadhiri ya mtawa ni kama ubatizo wa pili, unaomrudisha mtu katika usafi wa mtoto mchanga. Kwa hiyo nadhiri ya Stotternheim ilikuwa na mantiki yake: mtu aliyeponea chupuchupu hukumu ya ghafla anajisalimisha mahali ambapo hukumu haitamkuta tena bila maandalizi. Kwa maneno mengine, yalikuwa mapatano. Mungu aniachie uhai wangu, nami nitamrudishia.

Je, hofu iliisha? Watu wetu husema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwezi Aprili 1507 Luther aliwekwa wakfu kuwa padre, na tarehe 2 Mei aliiongoza misa yake ya kwanza. Alipofika kwenye maneno ya sala yanayomwelekea Mungu aliye hai na wa milele, alishikwa na hofu hata karibu aiache altare. Mwaka 1515 huko Eisleben, katika maandamano ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, alitetemeka kwa sababu sakramenti ilikuwa imebebwa karibu naye. Aliyeibeba alikuwa Johann von Staupitz, mkuu wake katika shirika. Baadaye, Luther alipomweleza yaliyompata, Staupitz alimjibu kwamba aliyemtisha hakuwa Kristo, maana Kristo hatishi bali hufariji.

Jibu hilo la Staupitz lina uzito kuliko radi ya Stotternheim. Kwa miaka kumi Luther aliishi juu ya msingi wa tukio la kutisha, na msingi huo ulizaa hofu nyingine juu ya hofu. Sala, saumu na maungamo yake yalikuwa ya kweli, hatuyadharau. Lakini mti uliopandwa na hofu ulizaa tunda la aina yake. Mtu anayemtumikia Mungu kwa sababu alitishwa hawezi kujua kamwe kama ametumikia vya kutosha.

3. Swali la baba

Siku ya misa ya kwanza Hans Luther alifika Erfurt na wapanda farasi 20, akatoa zawadi ya gulden 20 kwa nyumba ya watawa. Alikuwa amekasirishwa sana na uamuzi wa mwanawe miaka miwili kabla, na sasa walikuwa wamepatana kwa kiasi. Walipoketi mezani, Martin alijaribu kumwelewesha: aliitwa kwa vitisho vilivyotoka mbinguni, wala hakuwa mtawa kwa kupenda mwenyewe. Baba alijibu kwamba yafaa kuomba isije ikawa ni udanganyifu wa mwovu. Kisha akauliza kama wasomi hao hawajasikia kwamba mtoto humheshimu baba yake na mama yake.

Msomaji wa Afrika anauelewa uchungu wa mezani pale bila kuhitaji maelezo marefu. Mzee amesomesha mtoto kwa jasho, akitumaini kwamba mtoto atakuwa nguzo ya ukoo. Mtoto anarudi na kusema kwamba Mungu amemtokea njiani. Nani atabishana na mbingu? Lakini Hans, ambaye hakuwa mwanateolojia, aliuliza swali la kiteolojia lililo bora kuliko yote yaliyoulizwa siku ile. Hakukana kwamba mwanawe alitishwa. Aliuliza tu: umejuaje kwamba aliyekutisha ni Mungu? Naye aliipima radi kwa amri. Aliliweka tukio lisilo na maneno chini ya Neno lililo wazi.

Katika barua ya mwaka 1521 Luther anakiri kwamba maneno hayo ya baba yalimchoma moyoni na kukaa humo, kana kwamba Mungu alisema kwa kinywa cha baba yake, ingawa wakati ule aliufanya moyo wake kuwa mgumu. Anakubali sasa kwamba nadhiri yake haikuwa na thamani yoyote, kwa kuwa ilitolewa chini ya shurutisho la hofu ya kifo, na kinyume cha amri ya Mungu kuhusu wazazi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, yaani kusema kwamba Stotternheim palikuwa mahali pa kosa tupu. Lakini Luther haishii hapo. Katika barua hiyo hiyo anasema kwamba Mungu, ambaye hutoa mema katika mabaya, alitaka aifahamu hekima ya vyuo na utakatifu wa nyumba za watawa kwa kuyaishi mwenyewe, ili asije akalaumiwa kwamba anayapinga mambo asiyoyajua. Tena anamwambia baba yake kwamba si baba aliyemtoa katika utawa, bali Kristo mwenyewe, aliyemweka huru. Mambo mawili yanasimama pamoja: nadhiri ilikuwa mbaya, na Mungu alikuwa mwema. Wema wa Mungu hauifanyi nadhiri kuwa njema, wala ubaya wa nadhiri haukumzuia Mungu.

4. Anna maana yake ni neema

Miaka 34 baada ya tukio, mwezi Julai 1539, Luther aliwaeleza wageni waliokuwa mezani kwake kwamba baada ya kuweka nadhiri alijuta, na kwamba wengi walimshauri aache, lakini aliendelea. Kisha akaongeza jambo la ajabu. Alisema kwamba Mungu wakati ule aliisikia nadhiri yake kwa Kiebrania. Kwa maana katika Kiebrania jina Anna ni neema. Kijana alimwita mtakatifu katika hali ya sheria. Mungu akasikia kilio cha kuomba neema.

Tusilichukue neno hilo kama utani wa mezani tu. Ndani yake imo teolojia nzima ya sala. Mtu aliye katika hofu hajui kuomba ipasavyo, Paulo anatufundisha kwamba Roho mwenyewe huomba kwa ajili yetu kwa kuugua kusikoweza kutamkwa (Rum. 8:26). Luther haiokoi nadhiri yake. Analiokoa tumaini kwamba kilio kibaya kinaweza kufika kwa Mungu mzuri. Aliyepiga kelele hakumjua aliyemsikia. Aliyesikia alimjua aliyepiga kelele.

Lakini angalieni ni lini Luther aliweza kusema hivyo. Hakuweza kusema hivyo mwaka 1505, wala mwaka 1507. Ilimpasa kwanza kufundishwa na Staupitz kuyatazama majeraha ya Kristo. Ilimpasa kufundisha Zaburi kuanzia mwaka 1513 na Waraka kwa Warumi kuanzia mwaka 1515. Ilimpasa kutambua kwamba haki ya Mungu inayofunuliwa katika Injili ni haki anayotupatia kwa imani, kama alivyoeleza baadaye katika dibaji aliyoiandika mwaka 1545. Neno lilimfundisha kwanza neema, ndipo akaweza kuitambua neema katika jina alilolitamka kwa midomo inayotetemeka. Utaratibu haukuwa radi kwanza na Injili kama maelezo yake. Injili ilikuja kama mgeni asiyetazamiwa, ikaisoma radi upya.

Luther na waalimu waliomfuata walieleza jambo hili kwa kutofautisha kazi ngeni ya Mungu na kazi yake hasa, wakitumia Isaya 28:21. Kutisha, kuvunja na kushusha chini ni kazi ngeni. Kuhuisha na kusamehe ni kazi yake hasa. Mungu aweza kuitumia ile ya kwanza kwa ajili ya hii ya pili. Ila mtu asiyepelekwa mpaka kwenye ile ya pili ameachwa nusu ya njia, nje mvuani, akiwa na nadhiri mkononi.

5. Tauni ya mwaka 1527

Mwaka 1527 Luther alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amelivua joho la utawa mwaka 1524 na kumwoa Katharina von Bora mwaka 1525. Tarehe 6 Julai 1527 alianguka kwa ugonjwa wa ghafla hata akadhani atakufa, na baada yake akapita katika majaribu mazito ya kiroho. Mwanzoni mwa Agosti tauni iliingia Wittenberg. Chuo Kikuu kilihamishiwa Jena, na mtawala wa Saksonia, Johann, alimtaka Luther naye aondoke. Luther alibaki pamoja na Johannes Bugenhagen, mchungaji wa mji.

Haikuwa hatari ya maneno. Mke wa meya alikufa karibu mikononi mwa Luther. Mke wa Georg Rörer, aliyekuwa mjamzito, alikufa kwa tauni pamoja na mtoto wake. Nyumba ya Luther iligeuka kuwa mahali pa kuwauguza wagonjwa. Katharina mwenyewe alikuwa mjamzito, na mtoto wao Hans, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja na kitu, aliugua. Hans alipona. Tarehe 10 Desemba Katharina alimzaa Elisabeth, ambaye alifariki tarehe 3 Agosti 1528, na Luther akamwandikia rafiki yake kwamba hakujua kabla kuwa moyo wa baba waweza kulegea hivyo kwa ajili ya watoto.

Katika miezi hiyo aliandika jibu kwa Johann Hess na wachungaji wenzake wa Breslau, waliomwuliza kama Mkristo aruhusiwe kukimbia tauni. Kijitabu hicho kilitolewa mwaka 1527, na kilisomwa tena na wengi wakati wa janga la korona mwaka 2020. Tukikilinganisha na Stotternheim tunaona mambo matatu.

Kwanza, Luther haidharau hofu. Anasema kwamba kuuhifadhi uhai ni jambo ambalo Mungu amelipanda ndani yetu, na kwamba asiyefungwa na wajibu, ambaye jirani yake ana wengine wa kumtunza, yuko huru kuondoka. Hamwiti mtu huyo msaliti. Wala hamruhusu mwenye imani kubwa amhukumu mwenye imani dhaifu.

Pili, hatafuti sauti ya siri ndani ya tauni. Ni kweli kwamba anaiita adhabu na jaribu la imani. Lakini anapouliza afanye nini, haulizi mawingu. Anauliza wito: mimi ni nani kwa jirani huyu? Mchungaji hawezi kuwaacha wanaokufa bila Neno na sakramenti. Mtawala hawezi kuuacha mji bila utaratibu. Mzazi hawezi kumwacha mtoto, wala mtumishi bwana wake, wala bwana mtumishi wake. Na kwa wanaojidai kuwa na imani hata wakakataa dawa na tahadhari, anasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Tumieni dawa, anafundisha, fukizeni nyumba, epukeni mahali na watu wasiokuhitaji, msiwe chanzo cha kifo cha mwingine.

Tatu, mahali pa nadhiri pamechukuliwa na jirani. Luther anasema kwamba kama Kristo mwenyewe angelala mgonjwa, watu wote wangekimbilia kumhudumia, basi yuko pale, ndani ya jirani aliye mgonjwa (Mt. 25:40). Huko Stotternheim kijana aliye peke yake aliahidi kwenda nyuma ya kuta ili nafsi yake iwe salama. Huko Wittenberg mtu aliyekwisha kupewa usalama huo bure aliifungua milango ya nyumba yake, ambayo ilikuwa zamani nyumba ya watawa wa Waagustino, ili wagonjwa waingie. Hofu ilikuwapo mara zote mbili. Lakini mara ya pili haikuachwa iamue.

6. Mafundisho kwa huduma yetu

Sisi nasi tumeyaona ya kutisha. Meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Viktoria karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, mamia ya watu walipoteza maisha, na sharika nyingi za Kagera na Mwanza ziliingia katika maombolezo. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliangukia ziwani humo humo huko Bukoba, na watu 19 kati ya 43 waliokuwamo wakafa. Kando ya misiba inayojulikana na taifa zima kuna ile ya kila juma: basi lililopinduka, mtoto aliyechukuliwa na mafuriko, mama aliyekaribia kufa wakati wa kujifungua. Kwa hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo.

La kwanza, tusivune nadhiri katika shamba la hofu. Yako mahubiri yanayomkuta mtu angali akitetemeka, na kumwambia kwamba Mungu amempa nafasi ya mwisho, hivyo atoe ahadi leo. Maandiko hayakatazi nadhiri, mwimba Zaburi anaziondoa nadhiri alizoziweka taabuni (Zab. 66:13-14). Lakini Mhubiri anaonya kwamba ni afadhali kutoweka nadhiri kuliko kuiweka na kutoiondoa (Mhu. 5:5). Tena yafaa kukumbuka kwamba mabaharia wa Yona waliweka nadhiri baada ya bahari kutulia (Yon. 1:15-16). Walikuwa wakishukuru, si wakifanya biashara na Mungu. Mchungaji mwenye hekima atasubiri bahari itulie. Naye atauliza swali la Hans Luther kwa upole kuliko Hans mwenyewe: tukio hili linasemaje likiwekwa chini ya Neno?

La pili, tusimfanye aliyenusurika kuwa hakimu wa waliokufa. Ushuhuda unaosema kwamba Mungu aliniokoa mimi kwa sababu ana kusudi nami husikiwa pia na mjane aliyeketi katika kiti cha tatu, ambaye mumewe alikuwa katika chombo kile kile. Je, Mungu hakuwa na kusudi na mumewe? Bwana wetu alipowataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa katakata kusema kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine (Lk. 13:4). Aliita watu watubu, lakini hakuwagawanya wafu na walio hai kwa kipimo cha haki yao. Aliyenusurika na ashukuru kwa moyo wote; ila shukrani yake isiwe na kwa sababu ndani yake, isipokuwa neema.

La tatu, tumrudishe mtu kwenye Ubatizo wake. Luther mchanga alitafuta ubatizo wa pili nyuma ya kuta za utawa, kana kwamba ule wa kwanza umekwisha nguvu. Washarika wetu waweza kuyatafuta yayo hayo katika tukio la kutisha: siku ya ajali inakuwa siku ya kuzaliwa mara ya pili, na siku ambayo Mungu alitamka jina lake juu yao inasahauliwa. Ni wajibu wetu kuwafundisha kwamba Mungu hakuanza kuwapenda pale barabarani. Aliyewashika siku ya ajali ndiye aliyewashika siku walipoletwa kwenye maji wakiwa hawajui hata kulia kwa ajili ya nafsi zao.

La nne, tuwaonyeshe jirani. Paulo aliandika kwamba huko Asia alilemewa kupita nguvu hata akakata tamaa ya kuishi. Na fundisho alilolipata halikuwa kwamba yeye ni mtu wa pekee, bali kwamba asijitumainie nafsi yake, ila amtumaini Mungu awafufuaye wafu. Naye aliyaeleza hayo katika barua inayosema kwamba twafarijiwa ili tuweze kuwafariji wengine (2 Kor. 1:3-9). Siku ile ya ndege ya Bukoba wavuvi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika, na mitumbwi yao, kuwatoa watu. Hatujui kila mmoja wao aliamini nini. Twajua walichokifanya hofu ilipokuwa juu ya maji. Mahubiri yanayofuata msiba yaanzie hapo mara nyingi zaidi.

Hitimisho

Tumeona kwamba mtu mmoja alitishwa mara mbili. Mara ya kwanza aliisikia hofu kama sauti ya Mungu, akafanya mapatano nayo, na mapatano hayo yakamtesa kwa miaka mingi, mpaka Neno la neema likamfungua na kumwonyesha kwamba Mungu alikuwa amemsikia kwa namna iliyo bora kuliko alivyoomba. Mara ya pili aliikuta hofu akiwa ameshika ahadi, akauliza jirani yake ni nani, akabaki.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kukubaliana na maandishi ya jiwe la Stotternheim, ingawa tunaiheshimu nia ya waliolisimamisha. Radi haikumwonyesha Luther njia. Ilimwonyesha tu kwamba angeweza kufa, na hilo ni kweli kwa sisi sote. Njia alionyeshwa na Kristo, katika Neno lililosomwa kwa subira, katika kinywa cha ndugu aliyemfariji, na hata katika swali la baba aliyekasirika. Wanafunzi wetu wanaoandaliwa kwa huduma wataitwa usiku kwenda hospitali, kando ya ziwa na kando ya barabara. Watakapofika huko radi itakuwa imekwisha kupiga. Kazi yao ni kumpa aliyebaki hai kile ambacho radi haikuwa nacho, yaani jina la Yesu Kristo, ambaye katika tufani aliwauliza wanafunzi wake kwa nini wana hofu, lakini alikwisha kuikemea bahari kwanza (Mk. 4:39-40).